Darubini ya kwanza chini ya anga la Nairobi

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari msingi na ninaishi Kahawa West. Nimeweka akiba ya shilingi 45,000 ili ninunue darubini ya kutazama nyota, nitakayoitumia nyumbani na mara mojamoja pamoja na wanafunzi. Duka moja katikati ya jiji lina darubini mpya ya lenzi, ya shilingi 18,000, na boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Wakati huohuo, mgeni mmoja anayerudi kwao anauza darubini ya kioo chenye kipenyo cha milimita 114, iliyotumika, pamoja na stendi nzito yenye uzani wa kusawazisha, kwa shilingi 35,000. Ninunue ipi? Na je, taa za Nairobi hazitaifanya kazi yote iwe bure?

Jibu: Mwalimu, kati ya hizo mbili ningechukua ya milimita 114, kwa masharti matatu: uikague kwanza, umshushe bei mwenye nayo, na usiitegemee ile stendi. Sharti la tatu huenda likakushangaza, kwa kuwa stendi hiyo ndiyo inayoonekana ya kitaalamu kuliko kitu kingine chochote katika bidhaa zote mbili. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ushauri mwingi wa kununua darubini unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga lao, na katika jambo hili anga letu halifanani na lao.

Kwanza, ile namba ya 525. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya: unachukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka kwenye lenzi ya mbele hadi mahali miale ya mwanga inapokutana, na kuugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi ndogo ya jicho. Darubini za aina hiyo kwa kawaida huwa na lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 20 unapata ukuzaji wa mara 35. Ukiweka ya milimita 4 unapata mara 175. Na ukichomeka katikati lenzi ya Barlow inayozidisha mara tatu, unafika 525. Hesabu ni sahihi na aliyeichapisha hakukosea kugawanya. Tatizo ni kwamba kuna kikomo cha taswira inayoweza kubebwa na mwanga uliokusanywa, nacho ni takriban mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo milimita 60 hukoma kwenye mara 120 usiku ukiwa mtulivu kabisa. Kuzidisha hapo ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi uliokwisha kuwa mwepesi. Sayari ya Mshtarii (Jupita) itakuwa kubwa, naam, lakini itakuwa doa la kijivu linalotetemeka, na mwanafunzi atakayechungulia mara ya kwanza ataondoka akiamini kwamba hana macho ya kazi hii.

Kinachofaa kuulizwa dukani ni kipenyo cha lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Mboni ya jicho la kijana, ikiwa imezoea giza, hufunguka hadi karibu milimita 7. Kwa kuwa mwanga unaokusanywa hufuata mraba wa kipenyo, lenzi ya milimita 60 hukusanya takriban mara 73 ya jicho tupu, ilhali kioo cha milimita 114 hukusanya takriban mara 265. Kipenyo hicho hicho ndicho huamua jinsi mambo madogo yanavyotenganishwa: mistari ya mawingu ya Mshtarii, kingo za mashimo ya Mwezi, au nyota mbili zilizokaribiana ambazo kwa jicho huonekana moja. Ukuzaji mkubwa hauhitajiki kwa mengi ya haya. Galileo alipoiona miezi ya Mshtarii mnamo Januari 1610, darubini yake ilikuza takriban mara 20 tu. Hiyo ya milimita 114, ikiwa ni ile ya kawaida yenye urefu wa fokasi wa milimita 900, itakupa mara 36 kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 na mara 90 kwa ya milimita 10, na hapo pete za Zohali hutengana waziwazi na sayari yenyewe. Pete hizo zilielekezwa kwetu kwa ukingo mwaka 2025, zikawa kama uzi mwembamba, na tangu wakati huo zimekuwa zikifunguka taratibu, kwa hiyo miaka inayofuata ni mizuri kwa anayeanza.

Sasa stendi. Ile yenye uzani wa kusawazisha imeundwa ili mhimili wake mmoja ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ukiisha kuuelekeza hivyo, unaweza kuifuata nyota inavyosogea kutoka mashariki kwenda magharibi kwa kuzungusha kitasa kimoja tu, au kwa mota ndogo. Kwa mtu wa London au Chicago hilo ni rahisi: mhimili wa stendi unainuliwa kwa pembe sawa na latitudo ya mji wake, unaelekezwa kwenye nyota ya Kaskazini, na kazi imekwisha. Nairobi iko kwenye latitudo ya digrii 1.3 hivi kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mhimili wa stendi yako utalazimika kulala karibu ubapa kabisa, ukielekea kusini, na ncha ya anga utakayoilenga iko digrii moja na kidogo juu ya upeo wa macho, nyuma ya majengo, miti na vumbi. Nyota ya Kaskazini yenyewe hatuioni. Kusini hakuna nyota angavu iliyochukua nafasi yake. Iliyo karibu na ncha ni hafifu, na ikiwa chini hivyo hakuna mtu wa Kahawa West atakayeipata. Juu ya hayo, stendi nyingi za bei nafuu hazikukusudiwa kulala namna hiyo: ama skrubu ya latitudo hukomea mbali na sifuri, ama ufito wa uzani hugonga mguu wa stendi kila unapoizungusha. Nimeona watu wakihangaika na jambo hili hadi wakaiuza darubini, ilhali darubini haikuwa na kosa lolote.

Mtu anayetazama kwa macho tu, bila kupiga picha za muda mrefu, hauhitaji mhimili huo. Anachohitaji ni darubini inayozunguka kushoto na kulia, na kuinuka juu na chini, bila kuyumba. Stendi bora ya aina hiyo kwa bei ndogo ni ile iliyoenezwa na John Dobson, aliyekuwa mtawa, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuweka darubini kubwa za kujitengenezea kando ya barabara za San Francisco ili wapita njia wachungulie. Ni sanduku la mbao lililo wazi juu, linalozunguka juu ya ubao wa chini, na bomba la darubini hulala ndani yake kwa magurudumu mawili ya pembeni. Fundi seremala wa kawaida anaweza kukutengenezea kwa plaiwudi ya milimita 18 katika siku moja. Siri yake iko kwenye sehemu zinazosuguana: ubao uwekwe fomaika, na juu ya fomaika hiyo vipande vitatu vidogo vya plastiki ngumu yenye utelezi. Teflon ndiyo bora. Ukiikosa, kata vipande kutoka kwenye kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Usikubali fundi akuwekee beringi za magurudumu kwa kudhani anakuboreshea, kwa sababu unahitaji msuguano kidogo ili darubini ibaki pale ulipoiacha mkono unapoiachilia. Mwambie pia asipunguze upana wa ubao wa chini ili kuokoa mbao.

Kabla seremala hajamaliza, kuna njia ya muda. Baadhi ya stendi hizo huruhusu mhimili kuinuliwa hadi digrii 90, ukasimama wima. Ukifanya hivyo, itakuwa stendi ya kawaida ya kuzunguka na kuinuka, ingawa ule uzani utaning'inia upande kwa namna isiyopendeza.

Kuna usumbufu mmoja wa sanduku la Dobson ambao wauzaji hawausemi, nao unatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Kitu kinapokuwa utosini kabisa, kulifuatisha bomba huwa kazi ngumu, kwa kuwa linahitaji kuzungushwa sana kwa mwendo mdogo. Kwetu sayari hupita karibu na utosi. Suluhisho ni kuzitazama saa moja au mbili kabla au baada ya kufika juu kabisa. Na kwa ukuzaji wa mara 90, sayari itavuka uwanja wa kuonekana kwa muda wa kama dakika mbili kabla hujahitaji kuisukuma tena, muda unaomtosha mwanafunzi mmoja kuangalia vizuri iwapo wenzake hawamsukumi.

Hilo la sayari kupita juu ndilo linalonifikisha kwenye taa za jiji, na jibu langu ni la kutia moyo zaidi kuliko ulivyotarajia. Mwangaza wa jiji hufifisha vitu hafifu vilivyotawanyika, yaani nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) na galaksi (makusanyo makubwa mno ya nyota). Hauudhuru Mwezi, wala Zuhura, Mshtarii, Zohali na Mirihi, wala nyota pacha. Kinachoziharibu sayari ni hewa inayotikisika, na kadiri sayari inavyokaribia upeo wa macho ndivyo mwanga wake unavyopita kwenye hewa nyingi zaidi. Mtu wa London anaweza kukaa mwaka mzima akiiona Zohali au Mshtarii kwa digrii 15 tu juu ya mapaa. Nairobi sayari yoyote, inapofika juu kabisa, huwa zaidi ya digrii 60, na tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Isitoshe, jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na kufikia saa mbili usiku giza limekamilika, kwa hiyo wanafunzi hawahitaji kukesha.

Tunaona pia pande zote mbili za anga. Mnamo Januari na Februari, Nebula ya Orioni na Kilimia ziko juu jioni. Hata katikati ya taa, nebula hiyo huonekana kwa milimita 114 kama ukungu unaozunguka nyota nne ndogo. Mwezi wa Mei, kundi la Omega Centauri, lenye mamilioni ya nyota, hufika digrii 44 hivi upande wa kusini, na Alpha Centauri, ambayo kwa jicho ni nyota moja, hugawanyika kuwa mbili kwenye darubini. Mwishoni mwa mwaka galaksi ya Andromeda hupita kaskazini kwa digrii 47 hivi, ingawa kutoka mjini utaona kiini chake tu. Wenzetu wa Ulaya hawaioni kamwe Omega Centauri kutoka nyumbani kwao, isipokuwa walio kusini kabisa.

Tatizo letu kubwa ni mawingu. Mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kati ya Oktoba na Desemba zinajulikana, lakini mgeni wa kazi hii husahau kwamba Juni hadi Agosti, ingawa si majira ya mvua, Nairobi hufunikwa na wingu la baridi kwa siku nyingi mfululizo. Januari na Februari ndiyo miezi ya kutegemea. Ukipata nafasi ya kutoka jijini, teremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Magadi. Olorgesailie, umbali wa kama kilomita 65, ni eneo la Makavazi ya Kitaifa lenye mahali pa kupiga kambi, na huko Njia Nyeupe, yaani ukanda wa nyota za galaksi yetu, huonekana kwa macho kutoka upeo hadi upeo. Amboseli, Samburu na Marsabit ni bora zaidi, lakini hiyo ni safari. Usiende peke yako, wala usisimamishe darubini kando ya barabara usiku bila wenyeji kujua unafanya nini. Bomba refu gizani huzua maswali.

Nyumbani, paa la ghorofa lina faida ya kuwa juu ya taa za barabarani na hasara ya zege linalotoa joto la mchana hadi saa tatu au nne. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuitumia ili kioo kipoe, na uiweke mahali ambapo watu hawapiti, kwani hatua ya mtu mmoja hutikisa sakafu nzima kwa ukuzaji wa mara 90.

Unapokwenda kuikagua, nenda mchana. Linganisha urefu wa bomba na urefu wa fokasi uliochapishwa juu yake. Darubini ya kioo cha milimita 114 yenye fokasi ya 900 huwa na bomba linalokaribia sentimita 90. Ukikuta imeandikwa 1000 na bomba ni kama nusu mita, basi kuna lenzi ya kurefushia iliyofichwa ndani ya sehemu ya kurekebishia taswira, na darubini za namna hiyo hutoa taswira laini na ni vigumu kuvilinganisha vioo vyake. Usiichukue hata ukipunguziwa. Tazama ndani ya bomba kwa mwanga wa kawaida. Vumbi si kitu, na usimruhusu yeyote kulifuta kwa kitambaa, lakini madoa meusi, ukungu wenye nyuzinyuzi au rangi ya fedha inayobanduka ni sababu ya kuondoka. Usimulike kioo kwa tochi ya simu, kwani kila kioo, hata kipya, huonekana kibovu kikimulikwa hivyo. Pima kipenyo cha tundu la lenzi ya jicho: liwe milimita 31.7, ambacho ni kipimo cha kawaida duniani. Darubini nyingi za bei ya chini, na huenda ile ya dukani ikiwemo, zina tundu la milimita 24.5, na hutaweza kupata lenzi nzuri za kuongezea. Kisha elekeza bomba kwenye kitu cha mbali, kwa mfano mitambo ya upepo ya Ngong ikiwa inaonekana. Taswira itakuwa juu chini, na hilo si hitilafu. Gusa bomba kwa kidole uone mtikisiko unachukua muda gani kutulia. Bomba likitetemeka zaidi ya sekunde tatu, umepata hoja nyingine dhidi ya stendi. Vioo vikiwa havikulingana kidogo, usijali, skrubu tatu za nyuma huvirekebisha na utajifunza kwa jioni moja.

Kuhusu bei, shilingi 35,000 ni nyingi kwa kitu kilichotumika. Darubini mpya ya milimita 130 yenye stendi ndogo ya Dobson ya kuweka mezani huuzwa ng'ambo kwa takriban dola 200 hadi 300, yaani kati ya shilingi 26,000 na 39,000 kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola. Kuiagiza mwenyewe kutaongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, ambayo hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli, bima na ushuru huo, kwa hiyo kwa akiba yako huenda usifike. Lakini unapozungumza na huyo mgeni, mwambie waziwazi kwamba stendi haitafanya kazi hapa na kwamba utalipa seremala. Anaondoka, nawe huna haraka.

Salio litakalobaki ligawe kati ya plaiwudi na lenzi moja nzuri ya jicho ya milimita 25 au ya 32, iwapo zilizokuja na darubini ni za plastiki. Usinunue sanduku la lenzi kumi na vichujio vya rangi. Picha za Mwezi utazipiga kwa simu iliyoshikiliwa kwenye lenzi ya jicho, na kishikizo cha plastiki husaidia mkono usiotulia. Picha za nebula ni kazi nyingine yenye gharama nyingine.

Kwa kuwa utakuwa na wanafunzi, jambo la jua lisiachiwe nafasi. Darubini ya zamani ikija na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe, maana kinakaa mahali joto lote linapokusanyika, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho likiungua halirudi. Kichujio salama ni cha karatasi maalumu ya jua kinachofunika mdomo wote wa bomba, kimefungwa imara upepo usikichomoe, huku darubini ndogo ya kulengea ikiwa imefunikwa au kuondolewa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Hispania, kupitia Misri, hadi Somalia ya kaskazini, na Nairobi tutaona sehemu yake tu, mawingu ya Agosti yakiruhusu. Agiza karatasi hiyo mapema, kwa sababu huadimika tukio linapokaribia.

Na ikiwa ukaguzi utaonyesha kwamba ile ya milimita 114 ina kasoro nilizozitaja, usirudi kwenye boksi la 525. Nunua darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 50, isiyo na kitasa cha kubadilisha ukuzaji, uitegemeze ukutani au kwenye mti wa fagio ili itulie, ujifunze nayo makundi ya nyota na miezi ya Mshtarii, na uweke fedha iliyobaki hadi itokee nyingine yenye kipenyo cha milimita 114 au zaidi.